Mcheza Kwao Hutunzwa: Mashindano ya Nyimbo na Ngoma, tangu Beni hadi Televisheni

Utangulizi

Mji wa Tunduma umekaa mahali panapokutana njia nyingi. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufikia hapa ukomo wake kwa upande wa Tanzania, na ng'ambo ya lango la forodha huanza Nakonde, mji wa Zambia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, nayo hupita hapa katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Malori hupanga foleni ndefu yakisubiri kuvuka, na madereva husubiri pamoja nayo. Jioni, watu hao waliotoka pande mbalimbali za Afrika huketi pamoja na wenyeji mbele ya televisheni moja, katika mabanda ambayo vijana huyaita vibanda umiza.

Sisi tumeketi nao mara nyingi. Usiku wa mpira ubishi huwa wa mpira. Lakini usiku wa mashindano ya kuimba, au usiku wa kutolewa tuzo za muziki, ubishi huwa mkali zaidi, kwa kuwa katika mpira bao huonekana, na katika wimbo kila mtu ana sikio lake. Huyu husema fulani kapendelewa. Yule husema majaji hawana masikio. Wa tatu hulia kwamba aliyeshinda hakuimba, bali alifumbua mdomo tu huku sahani ikimwimbia. Nasi tumetia maneno yetu katika ubishi huo, maana sisi pia ni wapenzi wa mambo hayo.

Katika mabishano hayo husikika kauli mbili. Ya kwanza husema kwamba mashindano ya kuimba ni jambo la kigeni lililoletwa na televisheni, na kwa hiyo ni kasumba. Ya pili husema kwamba ni maendeleo, kwa kuwa zamani sanaa yetu haikuwa na ushindani wala zawadi. Kauli zote mbili zimesahau historia. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Katika Kiswahili, kumtunza mchezaji ni kumpa zawadi mbele ya watu, na kumtunza mtu ni kumlea na kumhifadhi asiharibike. Neno ni moja kwa mambo mawili, na katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba hapo kale mambo hayo mawili yalikwenda pamoja, na kwamba katika mashindano ya leo yameanza kutengana.

Ngoma za Ushindani za Jadi

Mfano ulio wazi kuliko yote hapa Tanzania ni ule wa Wasukuma. Huko Usukumani vyama vya ngoma vimegawanyika, tangu karne ya 19, katika pande mbili kuu: Bagika na Bagalu. Pande hizo hutokana na mabingwa wawili, Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na wachezaji mashuhuri. Baada ya mavuno, kazi ya shamba inapokuwa imepungua, vyama vya pande hizo hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna meza ya majaji. Watazamaji hutembea kwa miguu yao kwenda walikovutiwa, na upande uliokusanya umati mkubwa ndio ulioshinda.

Kwa hiyo kila chama hutafuta jipya la kuwavuta watu: wimbo uliotungwa jana usiku, vazi lisilotarajiwa, mchezo wa nyoka, au kejeli ya kumkata maini mpinzani. Manju, ambaye Wasukuma humwita ningi, hutunga kwa shabaha hiyo. Kanisa Katoliki lilipoanzisha sherehe za Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, halikuyafuta mashindano hayo, bali liliyapa uwanja, na hadi leo hufanyika kila mwaka mwezi wa Juni.

Katika utaratibu huo yapo mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza, aliyeshindwa hakufukuzwa. Chama kilichokimbiwa na watu mwaka huu kilirudi nyumbani, kikatunga upya, kikaja tena mwakani, na watu wakakingojea kwa hamu kuona kitalipiza vipi. La pili, aliyekejeliwa alikuwa na haki ya kujibu, kwa kipaza sauti kilekile, yaani koo lake. Ndiyo maana ya methali isemayo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mtu hukubali kushindwa kwa sababu anajua kwamba kushindwa si mwisho wa uchezaji wake.

Beni Ilivyopita Mpakani

Mwishoni mwa karne ya 19 ilizuka katika pwani ya Afrika Mashariki, huko Lamu na Mombasa, ngoma mpya iliyoitwa beni, jina lenye asili katika neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji wake walivaa sare, walipanga safu kama askari, walipuliza tarumbeta, na kupeana vyeo vikubwa vya kijeshi na vya kiserikali. Lamu ilikuwa na ushindani wa mitaa, Mkomani na Langoni, hata kabla ya beni. Beni iliingia katika ushindani huo kama mkono unavyoingia katika kanzu. Ilipofika Tanga na Dar es Salaam, ilizaa vyama viwili vikubwa vilivyopingana: Marini, ambao walijiona kuwa ni watu wa hadhi, na Arinoti, ambao waliwakusanya zaidi watu wa kawaida.

Mpaka wetu huu, ambao Waingereza na Wajerumani waliafikiana kuuchora kwa mkataba wa mwaka 1890, na ambao uliwagawa Wanyamwanga kati ya dola mbili, ulikuwa uwanja wa mapigano katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Novemba 1918 jeshi la Kijerumani la von Lettow-Vorbeck liliishambulia boma ya Fife, ambayo haiko mbali na hapa, kisha likaelekea Kasama, na hatimaye likaweka silaha chini Abercorn, mji uitwao leo Mbala, tarehe 25 Novemba. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliteseka vibaya katika vita ambavyo havikuwa vyao. Lakini waliporudi makwao, pamoja na majeraha, walirudi na beni. Ngoma hiyo ikaenea Rhodesia ya Kaskazini na Unyasa, ikazaa ndugu zake: mganda na malipenga katika pande za Ziwa Nyasa, na mbeni katika miji ya migodi ya shaba.

Watawala wa kikoloni walianza kwa kuicheka, wakaishia kuiogopa. Wafanyakazi wa migodi ya shaba walipogoma mwaka 1935, tume iliyochunguza mgomo huo iliuliza sana habari za chama cha mbeni, kwa kuwa ilionekana kwamba watu waliozoea kupanga safu za ngoma waliweza pia kupanga safu za mgomo. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyetoa kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, alionyesha kwamba katika ngoma hiyo mlikuwa na vyama vya kuzikana, kusaidiana na kupokea wageni mjini. Mgeni aliyefika Dar es Salaam bila ndugu aliweza kumpata ndugu katika Marini au Arinoti. Hapa tena tunaliona lile neno letu: chama kilichomtunza mchezaji uwanjani kilimtunza pia alipougua na alipokufa.

Katika miaka ya 1950 mtaalamu J. Clyde Mitchell aliichunguza kalela, ngoma iliyorithi mengi kutoka kwa mbeni, katika mji wa Luanshya. Vijana wa Kibisa, wakiwa wamevaa mashati safi na viatu vilivyong'aa, waliimba nyimbo za kuyadhihaki makabila mengine, na watu wa makabila hayo walisimama palepale wakicheka. Jambo hilo halitushangazi sisi Watanzania, maana tunaujua utani. Mnyakyusa humcheka mtani wake, na mtani wake humcheka yeye. Dhihaka ya mtani haiui, kwa sababu haina mkubwa na mdogo, na kwa sababu zamu ya kujibu itafika.

Bendi, Taarabu na Malenga

Desturi hiyo haikukoma tulipopata Uhuru. Mwezi wa Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoingia katika kiti cha Urais wa Jamhuri ya Tanganyika, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akieleza jinsi ukoloni ulivyotufanya tuzionee haya ngoma zetu. Vikundi vya ngoma vya mikoa vikaanza kukutana na kushindanishwa katika sherehe za taifa. Sisi tulio katika umri wa hamsini na zaidi twakumbuka pia mashindano ya kwaya za shule, na jinsi shule nzima ilivyoweza kutembea kwa miguu kwenda kuwashangilia waimbaji wake.

Upande wa muziki wa dansi, ushindani uliosikika kuliko yote ni ule wa Msondo na Sikinde. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikabadilishwa majina kadiri jumuiya ya wafanyakazi ilivyobadilika, hata ikawa Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ilizaliwa Mlimani Park, iliyokuja kuitwa Sikinde, ikiwa na wanamuziki mashuhuri kama Muhidin Maalim Gurumo na Michael Enoch. Tangu hapo wapenzi wa muziki waligawanyika, na siku bendi hizo zilipokutanishwa jukwaa moja palikuwa hapatoshi. Katika miaka ya 1990 taarabu ilipata mpambano wake: kikundi cha TOT kikiwa na Khadija Kopa, na Muungano kikiwa na Nasma Khamis, aliyejulikana kama Kidogo. Wimbo ulijibiwa kwa wimbo, na watu walikwenda jukwaani kutunza, wakibandika noti katika paji la uso wa mwimbaji. Nani alishinda? Waulize mashabiki wa pande hizo mbili, nao watabishana hadi leo.

Nasi watunzi wa mashairi tulikuwa na uwanja wetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, na mengine yaliyolifuata, yalipokea mashairi ya kuulizana na kujibizana. Mshairi alitupa fumbo, na wiki zilizofuata majibu yakaja kutoka Tanga, Mombasa na Kigoma. Aliyekosea vina alikosolewa hadharani, lakini alikosolewa kwa shairi, na kosa lake likatajwa: mizani imepungua, kina cha kati kimepotea. Hivyo msomaji aliyekuwa mbali naye akajifunza.

Mashindano katika Televisheni

Zanzibar ilipata televisheni mapema katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara iliingoja hadi mwaka 1994. Wakati huo mashindano ya nyimbo yalikuwa na umri mkubwa katika vyombo vya habari vya Ulaya: Italia ilianza tamasha la Sanremo mwaka 1951, na nchi za Ulaya zikaanza shindano lao la pamoja mwaka 1956. Mtindo tunaoujua sasa, wa vijana wasiojulikana kupanga foleni, kusikilizwa na majaji, na kuondolewa mmoja mmoja kwa kura za watazamaji, ulipata nguvu Uingereza mwaka 2001 na Marekani mwaka 2002. Haukuchukua muda kufika kwetu.

Mwaka 2006 yalianza mashindano ya Tusker Project Fame, yaliyowakusanya vijana wa Afrika Mashariki katika nyumba moja mjini Nairobi. Washindi wake walikuwa Valerie Kimani wa Kenya mwaka 2006, Esther Nabaasa wa Uganda mwaka 2008, Alpha Rwirangira wa Rwanda mwaka 2009, Davis Ntare wa Uganda mwaka 2010, Ruth Matete wa Kenya mwaka 2012, na Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Tanzania haikupata taji hilo hata mara moja, ingawa Peter Msechu alikaribia sana mwaka 2010 aliposhika nafasi ya pili. Wapo waliosema hapa kwetu kwamba tulidhulumiwa na wingi wa kura za wenzetu. Sisi hatukubaliani nao. Rwanda na Burundi ni nchi ndogo, na watu wake ni wachache kuliko sisi. Kama kura zingekuwa ni hesabu ya vichwa tu, vijana wao wasingeshinda. Walishinda kwa sababu waliimba, na kwa sababu mtu wa nchi nyingine aliposikia sauti njema hakuuliza pasi ya kusafiria. Wakazi wa mpakani yatupasa kuwa wa kwanza kulielewa hilo.

Hapa nchini, mashindano ya Bongo Star Search, yaliyoasisiwa na Rita Paulsen, yalianza katika miaka ya 2006 na 2007. Yamewatoa washindi kama Jumanne Iddi, Misoji Nkwabi, Pascal Cassian, Mariam Mohamed, Haji Ramadhani na Walter Chilambo. Hatuna budi kuyashukuru kwa jambo moja kubwa: majaji walikwenda mikoani, na mtoto wa mkulima akapata kusikilizwa bila kumjua mtu yeyote Dar es Salaam. Lakini tukiangalia historia ya washiriki, tunaona somo. Msechu tuliyemtaja hakuwa wa kwanza katika Bongo Star Search ya mwaka 2009, na jina lake limedumu. Kala Jeremiah alishiriki hapo mwanzoni bila kutwaa taji, kisha akatuzwa katika tuzo za muziki za Kilimanjaro za mwaka 2013. Kwa upande wa pili, wapo waliotwaa taji na fedha, na baada ya miaka michache hawakusikika tena. Taji lilitolewa usiku mmoja, matunzo hayakufuata.

Hapa ndipo tunapoona tofauti na uwanja wa Wasukuma. Katika televisheni, kushindwa ni kuondoka. Kila wiki mmoja hufungasha mizigo mbele ya macho ya taifa. Na kibaya zaidi ni ile desturi, iliyoigwa kutoka ng'ambo, ya kuwaonyesha watu walioimba vibaya siku ya usaili ili tuwacheke. Jaji husema neno kali, kijana hutoka akilia, nasi huko vibandani tunashika mbavu. Hii si dhihaka ya utani. Mmoja ameketi na mwingine amesimama. Mmoja analipwa na mwingine amekopa nauli. Na zamu ya kujibu haipo.

Kosa Letu Wenyewe

Tusijitoe katika lawama. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa watumishi wa serikali tunaojulikana kwa kutunga mashairi, tuliombwa kuketi katika meza ya waamuzi kwenye mashindano ya vijana wa mji wetu. Alipanda jukwaani kijana mmoja mpakiaji wa mizigo, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, vumbi la unga likiwa bado mabegani. Aliimba kwa Kiswahili, na kiitikio kilikuwa cha Kinyamwanga, wimbo aliosema amefundishwa na bibi yake. Katika ubeti wa pili sauti ilimkatika. Sisi, tukiwa tumeona sana televisheni, tulishika kipaza sauti tukamwambia arudi kwenye magunia. Uwanja mzima ulicheka. Kijana alitushukuru, akaweka kipaza sauti chake chini taratibu, akashuka.

Baada ya miezi michache tulikwenda msibani katika mtaa mmoja karibu na reli. Usiku waliimba, na aliyekuwa akiongoza ni yule kijana. Sauti ilikuwa nzima, na watu wazima walimfuata kama kondoo wanavyomfuata mchungaji. Asubuhi tulimwendea. Alituamkia, "Shikamoo, mzee." Tukamwomba aje tena katika mashindano ya mwaka ule. Alitujibu kwa heshima kwamba siku za Jumamosi malori huwa mengi. Hakuja mwaka ule, wala uliofuata. Wimbo ule wa bibi yake hatukuuandika mahali popote.

Tuzo na Jukwaa

Tuzo za muziki za taifa, zilizojulikana kwa miaka mingi kama tuzo za Kilimanjaro, zilianza mwaka 1999 chini ya usimamizi wa Baraza la Sanaa la Taifa. Zilisimama baada ya mwaka 2015, zikarejea mwaka 2022. Usiku unaokumbukwa zaidi ni ule wa mwaka 2014, Diamond Platnumz alipotwaa tuzo saba. Wapinzani wake walinung'unika, lakini sisi tunasema kwamba haki ya mtu aliyefanya kazi asinyimwe kwa sababu kazi yake ni nyingi. Lililo jema katika tuzo hizo ni kwamba ziliweka nafasi ya taarabu, ya muziki wa dansi, na ya nyimbo zenye vionjo vya asili, hivyo zikamkumbusha kijana kwamba muziki wa taifa una vyumba vingi.

Lakini lipo jambo moja ambalo hatutaacha kulisema. Mwimbaji anayepewa tuzo ya kuimba hana budi kuimba. Kusimama mbele ya viongozi na wananchi huku sauti iliyonaswa studio ikiimba badala yako ni kuuvunja mkataba ambao manju, malenga na mwimbaji wa taarabu waliuheshimu siku zote. Heri sauti iliyopasuka ya mpakiaji wa mizigo kuliko sauti kamilifu isiyotoka kooni.

Hitimisho

Hapa Tunduma, siku ya sherehe ya mataifa mawili, nyimbo mbili za taifa huimbwa kwa sauti moja. Tanzania na Zambia zote hutumia muziki wa mwalimu Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, alioutunga mwaka 1897. Zambia ilipojitawala mwaka 1964, maneno yake yalitafutwa kwa mashindano. Haikupatikana kazi moja iliyotosha peke yake. Basi wahusika walichukua kazi sita zilizokuwa bora, wakaziunganisha kuwa wimbo mmoja. Hayo pia yalikuwa mashindano, na hakuna kati ya wale sita aliyeambiwa aende zake.

Kwa hiyo twawaomba walimu wasiyaogope mashindano, bali wayarudishe katika misingi yake. Mwamuzi ataje kosa na sababu yake, kama washairi walivyofanya magazetini. Aliyeshindwa apewe siku ya kurudi. Nyimbo zilizoimbwa, za aliyeshinda na za aliyeshindwa, ziandikwe katika daftari la shule pamoja na jina la aliyezifundisha, hasa zile za lugha za nyumbani, maana mabibi wanaozijua wanapungua. Nanyi wanafunzi, mkiketi mbele ya televisheni mkamwona mwenzenu akitetemeka jukwaani, kumbukeni kwamba kumtuza mwenye sauti nzuri ni rahisi, na kumtunza anayetafuta sauti yake ndiyo kazi ya utamaduni wa taifa.